Santuri ya zamani: uisome mwenyewe, utafute leja ya kampuni, au umwendee mzee?

Shangazi yangu alipohama nyumba Mombasa, nyuma ya kabati lilitoka kasha la bati lenye santuri 11, zimefungwa kwa kanga kuukuu. Tatu zilikuwa zimepasuka. Nane zilizosalimika ndizo zilizonitia katika kazi hii ya kuchimba historia ya sauti za zamani, na swali langu la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu hunitumia pamoja na picha ya santuri yake: hii ni ya mwaka gani?

Ilinichukua muda kutambua kwamba swali hilo halijakamilika. Santuri moja ina tarehe nne. Kuna siku mwimbaji alipoimba mbele ya baragumu au maikrofoni. Kuna siku nta iliyochongwa sauti ile ilipogeuzwa kuwa chuma. Kuna mwaka kampuni ilipoitangaza katika orodha yake ya bidhaa. Na kuna mwaka nakala hii hasa, hii yenye mkwaruzo uujuao wewe, ilipobanwa kiwandani, na huenda ni miaka mingi baada ya mwimbaji kurudi kwao. Watu hugombana kuhusu "mwaka wa santuri" kumbe kila mmoja ameshika tarehe yake.

Basi kabla ya kuchagua njia ya kutafuta, chagua tarehe unayoitaka. Halafu jiulize kama ni tarehe tu, au pia unataka kumjua aliyepiga fidla. Njia ninazozilinganisha hapa hazijibu swali moja, na wengi huchoka njiani kwa sababu wamemwuliza karani swali la kumwuliza bibi.

Kusoma santuri yenyewe

Njia hii haina gharama, haihitaji intaneti, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu husoma lebo tu. Lebo ni karatasi iliyochapwa na mpiga chapa ambaye mara nyingi hakujua neno la Kiswahili. Majina yamekosewa, maneno yameunganishwa, na nambari iliyopo pale ni ya biashara, ya kuagizia mzigo. Ushahidi wenyewe uko pembeni mwa lebo, kwenye ule ukingo laini ambapo mifereji ya sauti imekwisha. Chukua tochi, ilaze santuri, mulika kwa pembeni wala si kwa juu. Utaona namba na alama ndogo zilizochongwa. Hiyo ndiyo namba ya matriksi, na ilizaliwa pamoja na sauti.

Ili kuielewa, kumbuka santuri ilivyotengenezwa. Sauti ilichongwa kwenye sahani ya nta. Nta ikapakwa chuma kwa umeme, ikatoka sahani ya chuma yenye migongo badala ya mifereji. Kutoka hiyo ikatolewa sahani "mama", na kutoka kwa mama zikatolewa nyingine za kubania, ambazo nitaziita mihuri. Muhuri ukichakaa hutolewa mwingine kwa mama yuleyule. Shelaki, yaani malighafi ya santuri hizi, ni utomvu wa mdudu mdogo wa India, na ndiyo iliyotengenezewa lakiri ya kufungia barua. Kiwandani ilichanganywa na vumbi la mawe na masizi, ikapashwa moto na kubanwa katikati ya mihuri miwili. Kila hatua iliacha alama.

Kwenye santuri za kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yaani zile za His Master's Voice zenye mbwa anayesikiliza baragumu, tafuta pembetatu ndogo baada ya namba ya matriksi. Pembetatu ina maana kwamba sauti ilichukuliwa kwa maikrofoni, kwa mtambo wa Western Electric, na teknolojia hiyo iliingia kazini mwaka 1925. Kampuni ya Columbia walitumia herufi W ndani ya duara kwa maana hiyohiyo. Nimewahi kuoneshwa santuri iliyosemwa kuwa ni ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Pembetatu ilikuwa pale, wazi kabisa, na mjadala ukaishia hapo.

Mwaka 1931 Gramophone na Columbia waliungana wakawa EMI, na mtindo wa namba ukabadilika. Zile zilizoanza na herufi B kwa santuri za inchi 10 na C kwa za inchi 12 zikapisha zile zinazoanza na 0 kwa inchi 10 na 2 kwa inchi 12. Kwa hiyo herufi moja mwanzoni mwa namba inaweza kukuambia sauti ilichukuliwa kabla au baada ya muungano huo.

Kuna alama nyingine ninayoipenda kuliko zote. Mafundi wa Gramophone walihesabu mihuri yao kwa neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Ukiona GR iliyogongwa peke yake, umeshika santuri iliyotoka kwenye muhuri wa 12. Namba ikiwa kubwa, ujue mihuri mingi imekwisha kuchakaa kabla ya huo, maana yake wimbo uliuzwa sana. Hakuna orodha ya mauzo iliyonisisimua kama herufi mbili zile, kwa sababu zinatoka kwenye kitu chenyewe kilicho mkononi mwangu. Columbia ya Marekani ilikuwa na mtindo wake: 2-B-5 ni mkupuo wa pili wa wimbo, yaani mara ya pili ulipoimbwa ili urekodiwe, mama B, muhuri wa tano.

Sikiliza pia mwanzo na mwisho. Gauhar Jaan, mwimbaji wa India aliyerekodiwa Calcutta Novemba 1902, anasikika akitaja jina lake kwa Kiingereza baada ya kumaliza wimbo. Sahani zake zilikuwa zikienda kubanwa Hanover, Ujerumani, na mafundi wa huko wasingejua ni nani aliyeimba kama asingejitaja. Baadhi ya sauti za zamani zinajieleza zenyewe namna hiyo, ukiwa na subira ya kusikiliza hadi sindano inapogonga lebo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inakupa mipaka, haikupi siku. Pembetatu inasema "baada ya 1925". Kukosekana kwa sifuri mbele kunasema "takriban kabla ya 1931". Umebana miaka sita, lakini bado hujui Jumatatu wala Jumanne. Na haikwambii kabisa nani alipiga ngoma.

Neno moja la tahadhari kabla hujaipiga: sindano ya santuri za LP, zile za plastiki zilizokuja baadaye, ni nyembamba mno kwa mifereji hii, inahitajika ya upana wa takriban elfu tatu za inchi. Na usiisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti inayeyusha shelaki.

Leja za kampuni na kanzidata zake

Ukishapata namba ya matriksi, hapa ndipo inapogeuka kuwa ufunguo. Kampuni kubwa ziliandika kila kikao cha kurekodi: tarehe, mahali, jina, wimbo, mikupuo mingapi, upi ulikubaliwa na upi ulitupwa. Leja hizo ni za kibiashara, zimeandikwa na makarani wasiokuwa na haja ya kumpendeza mtu, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Kuna hazina mbili kubwa ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifikia, na zinafaa kuwekwa bega kwa bega.

Ya kwanza ni ya Marekani, inayoitwa Discography of American Historical Recordings, DAHR kwa kifupi, na inahifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Humo mna kazi za kampuni za Victor, Columbia, Brunswick, Okeh na nyinginezo. Utafutaji wake ni mzuri sana: andika namba ya lebo, namba ya matriksi, jina la mwimbaji au hata la mpiga chombo, na mara nyingi utapata tarehe ya siku yenyewe. Mfano: Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyependwa mpaka mashambani mwa Kenya, alirekodi kwa mara ya kwanza Bristol, Tennessee, tarehe 4 Agosti 1927, kwa ajili ya Victor. Hilo halihitaji kubahatisha.

Ya pili ni ya Uingereza. Nyaraka za EMI zipo Hayes, magharibi mwa London, kwenye mji uleule ambao Gramophone ilijenga kiwanda chake. Mtafiti mmoja, Alan Kelly, alitumia miongo kadhaa akinakili namba za matriksi za kampuni hiyo, na kazi yake sasa ni kanzidata inayotafutika mtandaoni. Kwa anayefuatilia santuri za Gramophone zilizotoka Ulaya, Misri au India, hapa ndipo pa kubisha hodi. Ila sura yake ni tofauti na ya DAHR: inakutaka ujue kidogo lugha ya namba za kampuni, herufi za mbele na za nyuma zilizotofautisha mafundi na safari zao. Anayefika na lebo tu atatoka mikono mitupu. Anayefika na namba iliyosomwa kwa tochi atakuta mlango uko wazi.

Hebu nieleze kwa nini naing'ang'ania Gramophone. Mwaka 1928 kampuni hiyo ilimchukua Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, pamoja na wenzake, wakasafiri hadi Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Zile ndizo santuri zilizofanya sauti ya mwanamke wa Unguja isikike katika nyumba na migahawa ya mwambao mzima. Columbia na Odeon nao wakaingia katika soko hilohilo muda mfupi baadaye. Anayetaka kujua kikao cha Siti kilifanyika wapi na lini hawezi kukipata Zanzibar peke yake. Karatasi ilibaki kwa mwenye mtambo. Inauma kuwa hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na kulikataa jambo hili ni kujinyima.

Sasa udhaifu. Leja inamjua mwenye jina kwenye mkataba. Wengine wote ni "na kikundi". Subeti bin Ambari, Budda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban wanajulikana kwa sababu Waswahili waliwakumbuka na kuwaandika. Karani hakuwa na kazi nao kiasi hicho. Na majina yameandikwa kwa sikio la mgeni. Ukitafuta "Saad" tafuta pia "Saadi" na "Said". Ukitafuta "binti" jaribu "bint" na "binte". Ruhusu C mahali pa CH na E mahali pa I. Mara nyingi nilidhani wimbo haumo kumbe umo chini ya tahajia ambayo isingenijia hata ndotoni.

Kwa kulinganisha: DAHR ni rahisi na inasamehe makosa ya anayeanza, lakini mzigo wake ni wa Marekani. Kanzidata ya Kelly ni ngumu zaidi, ila iko karibu zaidi na santuri tulizorithi. Kama kasha lako lina mbwa na baragumu, usipoteze siku nzima DAHR. Kama lina jina la Victor au Okeh, anza DAHR bila kusita.

Kadi za Hugh Tracey

Hii naiweka peke yake kwa sababu haifanani na nyingine. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi Afrika Mashariki na Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadhi ya sauti hizo zilitoka kwanza kama santuri za shelaki za Gallotone, kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini.

Tofauti ni hii: karani wa kampuni aliandika kilichouzwa, Tracey aliandika kwenye kadi zake alichokiona. Kijiji, kabila, lugha, aina ya chombo, jinsi kilivyotuniwa, wimbo unahusu nini. Kwa mtu anayeshika santuri ya Mwenda Jean Bosco, yule bingwa wa gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, kadi za Tracey zinampeleka hadi Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, mwaka 1952. Kwa kampuni ya kawaida ungepata jina na namba, basi.

Na ipo hadithi inayounganisha kadi hizi na DAHR kwa namna ambayo bado inanigusa. Santuri za yule Jimmie Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Jina lake likageuka kinywani mwao likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Tracey alifika Kapkatet na kuwarekodi wasichana wakimwimba Chemirocha, na katika maelezo yake akaandika kwamba walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Zaidi ya miaka 60 baadaye, ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilirudisha sauti hizo Kapkatet na wazee wakazisikia tena. Ukitaka kuufuata mzunguko huo wote unahitaji DAHR kwa ajili ya Bristol mwaka 1927 na kadi ya ILAM kwa ajili ya Kapkatet mwaka 1950. Safari ya katikati, yaani santuri ile ilibanwa wapi na ikapitia duka gani hadi ikafika milimani, utaisoma kwenye nakala yenyewe, kwa tochi.

Kasoro ya Tracey: alichagua. Alikuwa na mapenzi makubwa na muziki wa vijijini na vyombo vya asili, na macho yake hayakuwa sana kwenye bendi za mjini. Usishangae ukikosa humo muziki wa dansi wa Dar es Salaam.

Wakusanyaji na picha zao

Discogs, 45worlds na mkusanyiko wa Great 78 wa Internet Archive ni tovuti, na ni za haraka. Uzuri wake ni picha. Unaweza kulinganisha lebo yako na nyingine kumi, ukaona kwamba rangi ilibadilika, kwamba maandishi "Dum Dum" yameongezwa chini, na ukajua nakala yako ilibanwa kwenye kiwanda cha Calcutta. Great 78 inakuwezesha hata kusikia sauti kabla hujatia sindano kwenye nakala iliyo dhaifu.

Ila mwaka ulioandikwa humo usiuchukue kama ushahidi. Wengi huweka mwaka wa kukisia, mwingine akaunakili, na baada ya muda makisio yanaonekana kama ukweli kwa sababu yameandikwa mara nyingi. Picha ziamini. Miaka ithibitishe kwingine.

Kuna mahali lakini ambapo wakusanyaji wanazishinda kanzidata za kampuni: lebo za Nairobi na Mombasa za miaka ya baada ya Vita vya Pili, kama Jambo na Mzuri. Kelly alishughulikia Gramophone. DAHR inashughulikia Marekani. Lebo hizi haziko upande wowote. Wanaozijua ni watu waliozikusanya moja moja, wakazipanga kwa namba hadi mpangilio ukajitokeza wenyewe. Ukiwa na santuri 20 za lebo moja, na tano kati yake zina tarehe ya uhakika, hizo 15 nyingine zitajipanga katikati. Ni kazi ya mikono na ni ya kufurahisha.

Wazee, magazeti na mafaili

Nimeiweka mwisho, ingawa ndiyo isiyoweza kusubiri kuliko zote: leja ya Hayes itakuwepo mwakani, mzee huenda asiwepo.

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kumwuliza mzee mwaka. Miaka mingi iliyopita nilikaa na Bi mmoja wa Ng'ambo, Unguja, Mungu amrehemu, nikampigia wimbo mmoja kutoka kwenye kasha la shangazi.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo Bi. Wimbo huu uliusikia mwaka gani?"

"Mwaka! Miaka mimi nitaijulia wapi, mwanangu?"

Nikataka kukata tamaa. Kisha nikauliza kama siku zile alikuwa ameshaolewa. Akacheka. "Bado. Nilikuwa mwari, nimewekwa ndani. Tulikuwa tukiusikia ukutani kwa jirani. Jubilii ya Seyyid Khalifa nimeikuta nina mtoto mgongoni."

Sultani Khalifa bin Harub alikalia kiti mwaka 1911, na jubilii yake ya miaka 25 ilikuwa mwaka 1936. Bila kutaja mwaka hata mmoja, Bi alikuwa amenipa mpaka wa juu. Pembetatu ilikuwa imenipa mpaka wa chini, 1925, na namba isiyo na sifuri mbele ikaubana zaidi, hadi karibu 1931. Nilipokwenda kwenye namba za kampuni nilikuwa tayari najua rafu ya kuangalia.

Kwa hiyo uliza matukio: ndoa, mtoto wa kwanza, vita ya Hitla, mwaka wa kufa Siti, ambao ni 1950, Mapinduzi. Nenda na sauti kwenye simu, usiende na maswali matupu. Mtu akisikia kiitikio hufunguka kwa namna ambayo karatasi haiwezi kumfungua. Na umwache aimbe. Nimeona mara nyingi mzee akiimba beti ambazo santuri haikuwa na nafasi nazo, maana upande wa inchi 10 huchukua kama dakika tatu tu. Hapo unapata kitu ambacho hakimo Hayes, Santa Barbara wala Makhanda.

Udhaifu wa kumbukumbu ni kwamba hukusanya. Watu huvuta kila sauti nzuri ya kike ya zamani na kumpa Siti. Kila gitaa la zamani la Kongo humpa Bosco. Usibishane na mzee. Andika alivyosema kama alivyosema, na jina la aliyesema, kisha rudi kwenye namba.

Magazeti na mafaili ya serikali yanasimama katikati ya leja na bibi. Tangazo la duka lililotaja santuri mpya linakupa siku ambayo lazima santuri iwe imeshatoka. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina karatasi za zama za ukoloni ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya muziki lakini zinaugusa, kwa sababu nyimbo za akina Siti zilisimulia mambo yaliyotokea mjini. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke na jinsi muuaji alivyotorokea bara. Mtu akiunganisha wimbo kama huo na rekodi za kesi, anaweza kujua tukio, na wimbo hauwezi kulitangulia tukio. Kwa maisha yenyewe ya Siti, tunaye Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake. Ni bahati ambayo waimbaji wengine wa kizazi kile hawakuipata.

Gharama? Hii ndiyo njia ya ghali: nauli, muda, zawadi ya kumpelekea mzee, ruhusa ya kusoma mafaili. Kanzidata ni bure. Tochi ni bei ya soda chache.

Uanze wapi, basi

Kama unauza au unanunua na unataka tu kujua nakala yako ni ya zama zipi, tochi na picha za wakusanyaji zinakutosha, nusu saa.

Kama unaandika historia ya wimbo na unahitaji siku na mahali, soma matriksi kisha nenda Kelly kwa Gramophone au DAHR kwa Marekani. Usiruke hatua ya tochi hata kama lebo inasomeka vizuri.

Kama santuri ni ya Gallotone na inasikika kama imerekodiwa kijijini, anza na ILAM kabla ya kitu kingine chochote.

Kama ni ya Nairobi au Mombasa ya miaka ya 1950, jiunge na wakusanyaji na wakati huohuo watafute wanamuziki waliobaki au watoto wao, maana huko karatasi ni chache na watu wanapungua.

Na kama unachotaka ni majina ya waliokaa nyuma ya mwimbaji, wapigaji na waitikiaji, basi acha kompyuta. Panda basi au boti. Nimeshuhudia watu wenye vyeti wakitumia miezi mtandaoni kutafuta jina ambalo jirani wa marehemu angelitaja kabla chai haijapoa.

Chochote utakachokipata, kiandike kwa penseli kwenye bahasha mpya ya karatasi, kamwe si kwenye lebo. Mimi huandika mistari mitano: namba ya matriksi kama ilivyochongwa, alama za pembeni, tarehe na nilikoipata, aliyenieleza na siku aliyonieleza, na mstari wa mwisho wa majina ya wapigaji. Santuri saba za shangazi zimejaa. Ya nane bado ina kistari mahali pa mpiga fidla. Ijumaa naipeleka Unguja, sauti yake ikiwa kwenye simu, yenyewe ikiwa imefungwa kwa kanga ileile.